Piga Mara Tatu, Taja Jina

Kijapani kina maneno ya kutosha ya mapenzi, ila Wajapani wenyewe hawapendi kuyatumia hovyo. Kubusiana barabarani huonekana ni kukosa adabu, na wazee wengi wameishi kwenye ndoa ndefu bila kutamkiana "nakupenda". Ndiyo maana Koibito Misaki, yaani Rasi ya Wapenzi, inashangaza: hapo watu husafiri makusudi wakalitaje jina la mpenzi kwa sauti.

Rasi hiyo iko Toi, pwani ya magharibi ya Izu, mkoani Shizuoka. Njia ya miguu hupita katikati ya miti mpaka kwenye jukwaa juu ya genge. Chini ni Ghuba ya Suruga, na mawingu yakiondoka, Mlima Fuji huonekana ng'ambo ya maji. Hapo imetundikwa kengele. Wapenzi huipiga mara tatu huku wakimtaja wampendaye. Wenyeji husimulia kwamba msichana Osayo na mvuvi Fukutaro walikuwa kila mmoja na kengele yake. Mvuvi akipita na chombo aligonga mara tatu, na binti akamjibu kutoka juu ya rasi. Wakaoana, na hadithi ikaishia hapo.

Ukishapiga kengele, unaweza kuchukua cheti cha kutangaza mapenzi. Mimi hicho cheti hunichekesha, lakini kinaeleweka: ni jambo gumu kusema limegeuzwa utaratibu wenye hatua zake, na mtu mwenye haya huweza kufuata utaratibu.

Desturi ya kuhusisha pwani na mapenzi ina mizizi mirefu kuliko cheti. Huko Futami, katika mji wa Ise, miamba miwili baharini, mkubwa mume na mdogo mke, imefungwa pamoja kwa kamba nene ya mabua ya mpunga. Chumvi na mawimbi huila kamba, hivyo hubadilishwa mara tatu kwa mwaka, Mei, Septemba na Desemba. Majira ya joto watu huamka alfajiri walione jua likichomoza katikati ya miamba hiyo. Si kila pwani ina bahati hiyo. Kwenye kisiwa cha Enoshima wapo wanaoamini kuwa mungu wa kike Benzaiten huona wivu na kuwatenganisha wapenzi wanaokwenda pamoja. Hata hivyo wanakwenda, na kengele ya mapenzi ipo huko pia, imezungukwa na makufuli yenye majina.

Mwaka 2006 ulianzishwa mradi wa kuzitambua sehemu kama hizi nchi nzima kuwa "mahali patakatifu pa wapenzi", kwa nia ya kuhimiza ndoa na kuinua maeneo yanayopoteza watu. Nusu ya kwanza ya nia hiyo sina uhakika nayo. Vijana wa vijijini wamehamia mijini, na wanaopiga kengele Toi aghalabu ni wageni wa usiku mmoja, wanaokuja pia kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Wakizaa, watazaa huko huko Tokyo. Toi inabakiwa na hela ya chumba na ya chakula cha jioni.