Francine Niyonsaba: Kazi inapobadilishwa kwa uamuzi wa wengine

Mwaka 2019 mwanariadha wa Burundi Francine Niyonsaba alizuiwa kukimbia mita 800, mbio zilizokuwa zimempatia medali ya fedha ya Olimpiki. Miaka miwili baadaye aliweka rekodi ya dunia katika masafa mengine. Mkasa wake unawagusa wengi ambao kazi zao zimebadilika bila wao kuulizwa.

Katika eneo la Rohero, katikati ya Bujumbura, jambo hilo si geni. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio kadhaa za binafsi jijini zilichomwa au kuharibiwa, na watangazaji wakakosa pa kufanyia kazi. Desemba 2018 ilitangazwa kuwa Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa, huku Bujumbura ikibaki mji mkuu wa kiuchumi. Mtumishi ambaye ofisi yake inahama hana budi kufikiria upya makazi, nauli na shule za watoto.

Kanuni ilisema nini?

Niyonsaba alishinda fedha katika mita 800 mjini Rio mwaka 2016, na mara mbili, 2016 na 2018, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo za ndani ya ukumbi. Mwaka 2019 alieleza hadharani kuwa mwili wake huzalisha homoni ya testosteroni kwa kiwango kinachozidi kile cha wanawake wengi.

Kuanzia Mei 8 mwaka huo, kanuni za shirikisho la riadha duniani ziliwataka wanariadha walioguswa nazo kupunguza homoni hiyo kwa dawa au njia nyingine za tiba, la sivyo wasishiriki mashindano ya kimataifa ya wanawake kuanzia mita 400 hadi maili moja. Rufaa ya Caster Semenya wa Afrika Kusini ilikuwa imekataliwa wiki moja kabla.

Niyonsaba hakukosa kosa lolote la mchezo. Mbio alizozizoea zilifungwa kwake, naye akahamia mita 5,000 na 10,000, ambazo wakati huo hazikuguswa na kanuni hizo.

Alibeba nini, alijifunza nini?

Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Mita 5,000 ni kumi na miwili na nusu. Mbio ya kwanza hudai kasi na pumzi kwa pamoja. Ya pili hudai zaidi pumzi na subira: kujua lini ufuate wenzako na lini uondoke. Hayo alipaswa kujifunza upya. Lakini kasi ya mizunguko ya mwisho alikuwa nayo tayari. Wahenga walisema akiba haiozi.

Mwanzo haukuwa laini. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, aliondolewa kwenye mchujo wa mita 5,000 kwa kukanyaga nje ya njia yake. Siku chache baadaye akawa wa tano katika mita 10,000. Septemba mwaka huohuo alishinda mita 5,000 katika fainali ya Diamond League mjini Zurich, kisha mjini Zagreb akakimbia mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Rekodi hiyo ilidumu hadi Julai 2024, ilipovunjwa na Jessica Hull wa Australia.

Burundi ilikwisha kuona mabadiliko ya namna hiyo, ila kwa hiari. Mwaka 1996 mjini Atlanta, Vénuste Niyongabo, aliyesifika kwa mita 1,500, alimwachia nafasi yake Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amekosa Michezo iliyotangulia kwa kuwa nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akakimbia mita 5,000, akaipatia Burundi dhahabu yake ya kwanza.

Je, kila anayelazimishwa hufaulu?

La. Semenya naye alihamia mita 5,000, lakini katika mashindano ya dunia ya mwaka 2022 mjini Eugene hakuvuka mchujo. Juhudi hazikumpungukia, uzoefu wa kazi moja hauhamishiki wote kwenda nyingine.

Tena kimbilio halina dhamana. Machi 2023 shirikisho lilipanua kanuni hizo zikahusu mbio zote, hata zile alizohamia Niyonsaba.

Kwa hiyo rekodi ya Zagreb haithibitishi kuwa uamuzi wa 2019 ulikuwa wa haki. Hayo ni mambo mawili, na anayepoteza kazi halazimiki kushukuru kwa kuipoteza ili aanze nyingine. Anaweza kudai haki yake huku akihesabu alichobaki nacho: mtangazaji ana sauti na lugha zake, karani ana mpangilio wake wa mafaili, mfanyabiashara ana wateja wanaomwamini. Kisha ajiulize, kama Niyonsaba alivyolazimika kujiuliza, ni kipi kati ya hivyo kinachofaa katika masafa mapya, na kipi atalazimika kujifunza tangu mwanzo.