Kuku Anapokataa Kutoka Kiotani

 

Mwezi wa Julai, baada ya sala ya Ijumaa mjini Ruiru, alinijia mama mmoja, mwenyeji wa Pwani aliyehamia huko na wanawe. Alinitolea salamu, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayeona haya kwa udogo wa suala lake.

"Shekhe," akasema, "nafuga kuku watano wa kienyeji nyuma ya nyumba. Mayai yao ndiyo yanayolipa ada ya madrasa ya watoto. Tetea mmoja alikataa kutoka kiotani. Nikafanya kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yangu: nikamtumbukiza mara tatu katika ndoo ya maji, jioni. Asubuhi nikamkuta amekufa. Je, nina dhambi?"

Nilimwambia kwamba asiyekusudia kuua hahesabiwi kama aliyekusudia, na mlango wa toba uko wazi. Lakini mtu akishajua, udhuru wa kutojua humtoka. Kwa kuwa nyumba nyingi zetu zina kuku uani, nimeona tujifunze pamoja.

Kuatamia si maradhi, wala si ukaidi. Mwenyezi Mungu amejaalia katika mwili wa tetea homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo ikizidi, kuku huacha kutaga, hukaa kiotani usiku na mchana, hututumua manyoya na kumdonoa kila anayemkaribia. Manyoya ya kifuani hupukutika, ngozi ikabaki wazi ili joto lake liyafikie mayai. Hutoka mara moja tu kwa siku, kwa muda mfupi, akala, akanywa, akaenda haja, kisha akarudi mbio. Kuku wa kisasa wa mayai wameondolewa tabia hii kwa kuchaguliwa mbegu kizazi baada ya kizazi. Hata wale wa kienyeji walioboreshwa na KALRO kule Naivasha huatamia kwa nadra. Kuku wetu wa asili bado anayo, na ndiyo iliyohifadhi kizazi chake vijijini bila mashine wala umeme.

Wazee wetu waliomtia kuku majini walitaka kupoza joto la kifua, na katika hilo hawakukosea, kwa kuwa kifua kikipoa hamu ya kuatamia hupungua. Kosa limo katika njia. Mombasa au Malindi, kuku aliyeloweshwa mchana hukauka upesi kwa jua na upepo wa bahari. Thika na Ruiru ziko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jua huweza kufichwa na mawingu kutwa nzima. Kuku anayeatamia huwa tayari amekonda kwa kula kidogo. Ukimlowesha jioni, analala na baridi mwilini na hana nguvu ya kuipinga.

Wapo pia wanaomfunga mguu, wanaomnyima chakula, na wanaompitisha unyoya puani. Yote hayo ni kumwadhibu asiye na kosa. Tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tumefundishwa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamuru arudishiwe.

Siku chache baadaye nilipita Thika, mtaa wa Majengo, kwa mzee mmoja aliyefuga kuku kwa miaka mingi. Nilipomsimulia kisa hiki alitikisa kichwa, akasema: "Shekhe, kuku yule anauliza neno moja tu: nina kazi au sina? Mjibu siku hiyo hiyo." Kisha akanionyesha majibu yote mawili.

Jibu la kwanza ni kumpa kazi. Ikiwa una jogoo na unataka vifaranga, chagua mayai kumi au kumi na mawili, kadiri anavyoweza kuyafunika. Yawe safi bila kuoshwa, yasiyo na ufa, na yasizidi siku saba tangu kutagwa. Yatie alama ya makaa au penseli, na umwekee usiku akiwa ametulia. Kiota kiwe mahali penye kivuli na faragha. Nyunyiza jivu kupunguza utitiri na chawa. Chakula na maji viwe karibu naye. Kila anapotoka, angalia kama kuku wengine wametaga humo, uondoe mayai yasiyo na alama. Siku ya saba, gizani, mulika kila yai kwa tochi ya simu: lenye uhai huonyesha mishipa kama utando wa buibui, na lililo tupu hupitisha mwanga wote. Siku ya ishirini na moja, kwa idhini ya Mola, utasikia sauti za vifaranga.

Jibu la pili ni kumwondolea kazi kwa upole. Mzee yule huchukua tenga, au kizimba cha fito au wavu, akakiinua juu ya matofali ili hewa ipite chini ya kifua cha kuku. Ndani hakuna majani wala kitambaa. Humweka penye mwanga, pasipo mvua wala upepo mkali, na kumpa chakula na maji ya kutosha. Siku tatu au nne kwa kawaida hutosha. Akirudi kiotani baada ya kufunguliwa, humrejesha siku mbili zaidi. Mayai nayo yaokotwe kila siku, kwa sababu rundo la mayai humwita tetea kuatamia.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu. Majuma matatu ya kuatamia, na hadi majuma manane ya kulea, ni karibu majuma kumi na moja bila yai. Ukimtoa mapema kwa tenga, aghalabu hurudi kutaga baada ya wiki moja hadi tatu. Lililo baya kuliko yote ni kumwacha bila kuamua: hukaa juu ya kiota kitupu majuma mengi, akakonda bure, nawe hupati yai wala kifaranga.

Limebaki suala la haki za watu. Katika nyumba za kupanga za Thika na Ruiru, kuku wa wapangaji huchanganyika ua mmoja na hutagiana viotani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, yai likianguliwa chini ya kuku wa mtu mwingine, kifaranga ni cha mwenye yai. Basi ulizaneni kabla ya kuweka mayai, msije mkagombana baada ya kuanguliwa. Na yai lililokaa chini ya kuku siku kadhaa lisichanganywe na mayai mapya ya kuuza. Mnunuzi akilivunja akakuta damu au kifaranga kilichokufa, amelipia kitu asichoweza kula, na aliyemuuzia huku akijua amemghushi.

Juzi yule mama wa Ruiru alinipigia simu. Tetea mwingine alikuwa ameanza kuatamia, na ada ya muhula inadaiwa, kwa hivyo alichagua tenga. Siku ya nne alimfungua. Kuku alisimama kidogo, akajikung'uta, akaenda kwenye pumba pamoja na wenzake.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulilolifanya kwa kutojua, na atutie huruma kwa kila kiumbe tulichokabidhiwa. Amin.