Kisu na Ulimi: Namna ya Kuhariri Video za Wasimulizi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Anayetaka kuhifadhi hadithi ya mzee, mchezo wa kuigiza au ushuhuda wa mwanakijiji huweza leo kuirekodi kwa kamera ndogo, hata kwa simu. Lakini video ya saa mbili ni nadra kuonyeshwa nzima. Hukatwa, hupangwa upya na kuwekewa maandishi, na hapo ndipo maneno ya msemaji yanapoingia mikononi mwa mtu mwingine. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuhariri usemi wa Kiswahili bila kuuharibu. Hoja yake ni moja: katika kazi hii kisu hufuata sikio kabla ya kufuata jicho.

2. Kulinda rekodi asilia

Zamani mhariri wa filamu alikata utepe na kuunganisha vipande kwa gundi. Kanda za video zilipokuja, alinakili kipande baada ya kipande, na kila nakala ikapoteza ubora. Mnamo 1989 kampuni ya Avid ya Marekani ilitoa mtambo wa kuhariri kwa kompyuta. Mwaka 1991 Adobe ikatoa programu yake ya Premiere. Siku hizi zipo pia programu zinazopatikana bure, kama Kdenlive.

Katika programu hizi faili asilia haikatwi. Kompyuta huandika amri tu: chukua sehemu hii kuanzia hapa hadi pale, kisha uiweke baada ya ile. Kwa hiyo kosa lolote husahihishika, mradi rekodi asilia ingalipo. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wengi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa katika jengo jingine. Asiyetimiza hili asianze kukata.

3. Kunukuu kwanza

Kila picha katika video ina namba ya wakati: saa, dakika, sekunde na fremu, yaani picha moja tuli. Mhariri aandike maneno yote ya msemaji, na pembeni aweke namba hizo. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, huunganisha maandishi na video, nayo hutolewa bure.

Faida ya kunukuu inajulikana Lubumbashi. Johannes Fabian, katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990, alifuata kazi ya kundi la maigizo la Mufwankolo tangu mazoezi hadi mchezo wenyewe wa mwaka 1986. Msomaji wa kazi hiyo anaweza kuona usemi ulivyokua kabla ya kufika mbele ya kamera. Vivyo hivyo, mwenye nukuu kamili anaweza kuonyesha kilichoachwa na kueleza kwa nini kiliachwa.

4. Kukata ndani ya usemi

Kiswahili hubeba maana nzito mwanzoni mwa kitenzi. Tuseme mzee anaulizwa kama watu wake watakubali kuhamishwa kutoka ardhi yao, naye anajibu: «Hatutakubali.» Mhariri akichelewa kuanza kipande kwa silabi moja tu, mtazamaji atasikia: «Tutakubali.» Silabi ile huweza kuchukua chini ya moja ya tano ya sekunde, katika video ya fremu 25 kwa sekunde, ni fremu zisizozidi tano. Jicho halioni hitilafu, kwa kuwa mdomo unaendelea kusema. Kijiji kizima kimekwisha kubali kuhama.

Basi kipande kianze kabla ya neno, kwenye pumzi ya msemaji, na kiishie baada ya sauti ya mwisho kuzimika. Mhariri asikilize kila kiungo mara kadhaa akiwa amefumba macho.

Hatari ya pili ni ya upatanisho. Msemaji anasema: «Tulipita barabara mpya. Tukafika kwenye nyumba ya baba. Imeharibika.» Ukiondoa sentensi ya kati, iliyoharibika ni barabara. Sarufi hailalamiki, maana nyumba na barabara ni za ngeli moja. Kabla ya kuondoa sentensi, mhariri atafute kila kiambishi kinachoitegemea.

5. Kuunganisha vipande

Kila mahali pana sauti yake: upepo, mashine, watoto walio mbali. Sauti hiyo ikikatika ghafla, sikio hushtuka. Kwa hiyo, siku ya kurekodi, watu wote wanyamaze kwa nusu dakika huku kinasa sauti kikiendelea. Kimya hicho hutumika baadaye kujaza mapengo. Kwenye kiungo, sauti ya kipande cha kwanza ishushwe polepole wakati ya pili inapanda. Pia sauti ya msemaji mpya inaweza kutangulia picha yake kwa sekunde moja, ili mtazamaji avuke bila kujikwaa.

Kiungo cha picha hufunikwa kwa picha nyingine: mikono ya msemaji, uso wa msikilizaji. Hapa tahadhari inahitajika. Mrusi Lev Kuleshov alionyesha, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwamba uso uleule husomwa kuwa na njaa au huzuni kufuatana na picha iliyowekwa karibu nao. Msikilizaji aliyetikisa kichwa kwa hadithi nyingine asiwekwe kana kwamba anaafiki hii.

6. Maandishi ya chini

Desturi ni mistari isiyozidi miwili, kila mmoja ukiwa na herufi 40 hivi, ikikaa kati ya sekunde moja na sita. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo mstari ukatwe penye mapumziko ya maana: «nyumba ya / baba» ni mkato mbaya.

Msemaji wa Lubumbashi akisema «batoto banacheza», kuandika «watoto wanacheza» si kunukuu, bali ni kutafsiri. Tafsiri kwa ajili ya wasomaji wa mbali ni halali, lakini itangazwe kuwa tafsiri. Vinginevyo mtazamaji ataamini kwamba msemaji alikosea na mhariri akamsahihisha.

7. Hitimisho

Rangi na ukubwa wa sauti hurekebishwa mwishoni, viungo vyote vikishathibitishwa. Baada ya hapo hubaki jaribio moja lisilohitaji mtambo: msemaji mwenyewe aonyeshwe kazi kabla haijatoka. Akisema, «Ndivyo nilivyosema», uhariri umekwisha. Akinyamaza, mhariri arudi kwenye nukuu yake.