Injini ya 1500 Ndani ya Vitz: Piga Hesabu Kabla Hujaweka PIN

Ukipanda kutoka Kibarani kuelekea Changamwe na Vitz ya 1000, watu wanne ndani na AC imewashwa, utasikia gari likilalamika. Ndio maana swali hili halikosi kwenye gereji za Kisauni na Likoni: fundi, naweza kuweka injini kubwa? Jibu ni ndio. Lakini pesa nyingi za kazi hii hupitia kwa simu, kwa hivyo leo tunakuonyesha jinsi ya kulipa ili mwisho wa siku uwe na gari lenye nguvu na karatasi safi.

Jua unachoanza nacho

Injini inayotafutwa sana ni 1NZ-FE ya cc 1,497. Ndiyo hiyo iliyo kwenye Probox, Fielder na Axio za 1500, so spea zake hazisumbui kupata. Toyota wenyewe waliiweka kwenye Vitz RS. Inatoa nguvu za farasi kama 109, ilhali 1KR-FE ya cc 996, ile ya silinda tatu, inatoa kama 71.

Kama Vitz yako ni ya 1300 yenye 2NZ-FE, una bahati, maanake hizo mbili ni za familia moja. Kama ni ya 1000, bei ya injini peke yake itakudanganya. Utahitaji pia giaboksi, mauntingi, nyaya na kompyuta ya injini. Tafuta seti nzima iliyotoka kwa gari moja, na utenge pesa ya rejeta na breki. Gari likiongeza mbio, lazima pia lisimame.

Lipa kwa awamu

1. Kagua kwanza. Nenda dukani na fundi wako, mpime kompresheni, muangalie oili na msome namba iliyochapwa kwenye injini. Usitume "deposit" kwa sababu ya picha ya WhatsApp.

2. Lipa kwa Till au Paybill ya duka. Muuzaji akisema, "Boss, tuma tu kwa hii namba yangu," mwambie kwa upole unataka ya duka. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuruhusu malipo yapite. Halafu dai risiti yenye jina la duka, namba ya injini na kodi ya muamala.

3. Mgawie fundi malipo mara tatu: akianza, injini ikishakaa na kuwaka, na baada ya majaribio. Majaribio ya kweli ni kupanda tena Kibarani na kukaa kwenye foleni ya feri Likoni mchana wa jua. Gari lisipopata joto kupita kiasi, malizia deni.

Risiti ndiyo inayokutetea

Kitabu cha gari kina namba ya injini na cc zake. Ukibadilisha injini, maelezo hayo si ya kweli tena, na NTSA inafaa kujulishwa. Maombi unafanya kwenye akaunti yako kupitia eCitizen, gari linapelekwa ukaguzi, na unaonyesha injini ulipoitoa. Ada za serikali zinalipwa kwa Paybill 222222, si kwa namba ya mtu anayesema atakusaidia kuharakisha.

Mwambie na wa bima. Ukipata ajali halafu ionekane gari lina injini ambayo hukuitaja, fidia inaweza kukataliwa, na hapo utakuwa umepoteza gari pamoja na pesa zote ulizotia ndani. Na injini isiyo na risiti ikigunduliwa kwamba ni ya wizi, wewe ndiye utakayeulizwa maswali ya kwanza, hata kama muuzaji alishazima simu zamani.

Kwa hivyo usifute SMS za malipo. Omba taarifa ya akaunti ya miezi hiyo, iweke pamoja na risiti na ripoti ya ukaguzi. Siku ukiliuza gari, mnunuzi wako ataomba karatasi hizo hizo, na bei itakuwa nzuri zaidi ukiwa nazo mkononi.