Mji wa Kale na Mlango Usio na Nakshi

Mgeni afikapo Mombasa hupelekwa kwanza Ngomeni, akaelezwa kuwa Wareno waliianza ngome ile mwaka 1593, na kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Atokapo hapo hupitishwa Ndia Kuu, akaonyeshwa roshani za mbao na milango ya nakshi, akapiga picha zake, akarudi hotelini. Simlaumu. Milango yetu ni mizuri, nasi wenyewe twajivunia. Lakini mlango nitakaouzungumza leo haujaonwa na mgeni yeyote, na lau angeuona asingeutolea kamera mfukoni. Ni kijilango cha mbao kuukuu, kifupi hata mtu mzima hupita ameinama, hakina ua wala herufi iliyochongwa. Kipo uani, baina ya nyumba aliyoiacha babu yangu mzaa mama na nyumba ya jirani yake.

Wasomaji wazaliwa wa miji ya kale, ikiwa ni Mombasa, Lamu au Unguja, watakijua mara moja. Zamani wanawake walikitumia kuendeana bila ya kutoka njiani. Chumvi imekwisha, hubishwa hapo. Mtoto ana homa usiku, hubishwa hapo. Na sahani ya mbaazi ikipita upande huu leo, kesho hurudi na kaimati au kipande cha samaki, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.

Wanaume nao walikuwa na baraza. Wengi hudhani kuwa baraza ni kile kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, basi. La. Kile ni kiwiliwili tu. Baraza ni wale wanaokaa baada ya alasiri, kila mtu na pahala pake, muuza kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe, ikanywewa kahawa tungu kwa kashata au tende. Hapo ndipo yajulikanapo ya mtaa: nani amefika kutoka safari, nani amepata mtoto, bei ya samaki Markiti imepandaje, na kadhi ameamua nini katika kesi ya fulani na mkewe (jambo lisilotuhusu, lakini hatukosi kulijua). Hata tungo zetu zilihifadhiwa na watu wa namna hii. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua alipozikusanya beti zake pamoja na Mwingereza Taylor, nyingi zilikuwa zi katika vifua vya watu wa Mombasa. Hazikuwa makabatini.

Na faida kubwa ya baraza ni kuwa huonyesha asiyekuwepo. Mzee akikosekana siku mbili pahala pake, siku ya tatu kuna mtu anayebisha mlangoni kwake.

Mimi nilitiwa chuoni mwaka babu alipofariki, nao ni 1974. Niliketi jamvini na ubao wangu pamoja na watoto wa Kiswahili wa Thenashara Taifa, wa Kibajuni, wa Kishihiri na wa Kibulushi, sote tukipiga kelele moja ya Juzuu Amma. Alhamisi tulipeleka ada ya Maalimu. Ukimkimbia Maalimu ukaenda kuogelea Bandari ya Kale, mtu wa kwanza aliyekuona alikuadhibu bila ya kuuliza wewe ni mwana wa nani, na ukifika nyumbani ukikuta habari imekutangulia. Nilidhani wakati ule kuwa mtaa mzima ulikuwa adui yangu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, nacho si cha kunipamba.

Babu aliacha nyumba moja, bibi, na wana wanne: wajomba zangu wawili, Mama Mkubwa, na mama yangu. Nyumba haikugawanywa. Bibi naye akafariki, kisha wajomba, kisha mama, na kila aliyekwenda aliwaachia wake fungu lake ndani ya fungu. Wanachuoni huiita hali hii munasakha, na atakayeihesabu hana budi kuwa na karatasi kubwa. Fungu la mama yangu lilikuwa moja katika sita. Tulipolirithi mimi, ndugu yangu na dada yetu, langu likawa moja katika 15. Wana wa wajomba wako Kisauni, Likoni, Nairobi na Maskati, na mmoja yuko Toronto. Nyumba ya wengi haina wa kuitengeneza. Kila mmoja husema, kwa nini nitie fedha zangu katika ukuta ambao mwingi si wangu?

Na ukuta wa kale hausubiri mashauri. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikalazwa juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Chokaa hupumua. Maji ya mvua yakiingia hutoka tena. Akija fundi wa siku hizi akapiga lipu ya saruji juu yake, unyevu hufungiwa ndani, jiwe likaoza na ncha za boriti zikaoza, na nje ukuta ukaendelea kung'aa mpaka siku utakapoporomoka. Kwetu ilipigwa saruji. Niliyeita fundi ni mimi, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mwaka 2018 alitokea mnunuzi. Bei aliyoitaja ilitupendeza sote, na aliyekuwa mbele kuwashawishi wenzake ni mimi mwandishi wa makala haya, ambaye kwa miaka nilikuwa nimeandika gazetini kuusifu Mji wa Kale. Nilikuwa nimekwisha hamia Kisauni, nina watoto wa kusomesha, na nyumba ile niliiona kuwa ni hesabu tu. Mnunuzi alikuja kuizunguka, akakiona kile kijilango uani, akauliza ni cha nini. Akasema hawezi kununua nyumba iliyotobolewa kwa jirani, kizibwe kwanza. Nikampeleka fundi na mawe na mfuko wa saruji.

Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa akikaa mle peke yake. Hakuzaa, na mumewe alikuwa amefariki. Alimtazama fundi, akamwambia akae anywe chai. Kisha akaniita.

"Mwanangu, kuta mwaziuza, sawa, nanyi ni warithi. Na jirani mmempigia bei gani?"

Nikamwambia jirani si wetu hata tumuuze. Akanyamaza. Fundi akamaliza chai yake, akaondoka na mfuko wake wa saruji, na habari ya mnunuzi ikazorota kwa sababu nyingine za wana wa mjomba kutokubaliana juu ya fedha.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa Machi 2020 misikiti ilifungwa kwa ajili ya korona, ikaja na amri ya kutotoka usiku kuanzia saa moja. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani imekwisha fika katikati, Serikali ikaufunga Mji wa Kale. Asiingie mtu wala asitoke. Zilitajwa siku 15, zikaongezwa, hata Idi-el-Fitri ikatukuta katika hali hiyo, na njia hazikufunguliwa mpaka mwezi wa Juni. Mimi nilikuwa Kisauni, ng'ambo ya daraja. Mama Mkubwa alikuwa ndani, miaka yake imepita themanini, magoti hayamchukui, na kijana aliyekuwa akimletea mahitaji naye amefungiwa nje.

Nilisimama siku moja penye kizuizi nikiwa na kikapu. Askari alikuwa kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mzee, rudi." Nikarudi nacho. Naona aibu kusema kuwa katika njia ile ndipo nilipokikumbuka kile kijilango.

Nilipompigia simu jioni alinicheka. Alikuwa ameshafuturu. Tangu siku ya kwanza ya kufungwa, jirani, mama wa makamo anayepika mahamri na viazi vya karai, alikuwa akipitisha futari kwa pale uani: uji, tambi, muhogo wa nazi, na daku kabla ya kulala. Biashara yake mwenyewe ilikuwa imesimama, kwani wateja wake wengi walikuwa watu wa nje. Dawa za shinikizo la damu zilipokwisha, mwanawe aliziulizia mtaani nyumba kwa nyumba mpaka zikapatikana. Usiku, kwa kuwa hapakuwa na tarawehe msikitini, wanawake wale wawili waliufungua ule mlango wakasali, mmoja upande huu na mmoja upande ule, kila mtu na mswala wake.

Sikuweza kulala. Niliandika ubeti huu, nao haujatiwa gazetini hadi leo:

Mlango wako wachonga, kwa njumu na kwa thamani,
Ukuta usingejenga, asingekuwa jirani,
Sanda ikishakufunga, hujitii kaburini,
Ewe unayejitenga, rudi kaa barazani.

Mama Mkubwa alifariki mwaka uliofuata, kabla ya alfajiri. Mpaka mimi nilipovuka daraja na kufika, nilikuta maji yamechemshwa, sanda imekatwa, waoshaji wako ndani, viti na majamvi yametandikwa njiani, na tanzia imekwisha tangazwa misikitini. Makaburi ya Kikowani walikuwako vijana wanachimba, na sikuwajua hata mmoja wao. Jeneza lilipotoka, watu walipokezana kila hatua chache kama ilivyo ada, mkono huu hata mkono huu. Alikuwemo mzee wa Kibohora mwenye duka la vifaa, alikuwemo kijana wa Kigiriama auzaye madafu, aliyesimama kando kwa heshima mpaka tulipopita. Mimi, niliyekuwa jamaa, nilipata kulibeba mara moja tu kwa wingi wa mabega.

Fungu lake halikunifikia, maana mwana wa dada hana kitu palipo na wana wa ndugu mume. Wala si hilo lililonisumbua. Lililonisumbua ni ile hadithi tuliyoisikia tangu chuoni, kwamba Jibrili hakuacha kumuusia Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya jirani hata akadhani atamfanya mrithi. Nilihesabu mafungu yote ya nyumba ile, thuluthi na sudusi, na aliyekuwa amemlisha mwenye nyumba hakuwa na hata moja.

Nilimwendea mwanachuoni mmoja kumuuliza habari ya shufaa. Akanieleza kuwa kwetu sisi Washafii haki ya kutangulia kununua ni ya mshirika. Mahanafi ndio wampao jirani. Kwa hiyo jirani wetu hana la kudai tukimuuzia mtu baki. Lakini mimi ni mshirika, akasema, na mshirika akiuziwa nje fungu la mwenziwe aweza kulidai kwa bei ile ile. Nikacheka, maana fedha ya mafungu 14 sina.

Sheria ya nchi ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi yazilinda nyumba kama hizi zisibomolewe ovyo, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi ya hifadhi papo hapo Mji wa Kale. Ni jambo la kushukuriwa. Ila sheria yaweza kumzuia mtu kubomoa. Haimtii mtu ndani ya nyumba. Nenda leo Kuze, Kibokoni, Mkanyageni, uhesabu makufuli. Nyuma ya mengi yake ni warithi kama sisi, wanaogombana kwa simu. Baraza nyingine hupangwa bidhaa za watalii, nyingine huegeshwa pikipiki. Na ukuta ulio baina yetu na jirani ni mmoja: ukianguka wetu, na wake umekwenda.

Mnunuzi mwingine amekwisha kuja. Kwa hiyo baada ya Idi tulikutana, wana wa babu mmoja, katika ukumbi wa nyumba ile, wa Maskati na wa Toronto wakisikiliza kwa simu iliyowekwa juu ya msahafu wa babu, hata dada yangu akaiondoa akaiweka kwenye kigoda. Mimi nilitoa rai kwamba saruji ibanduliwe, nyumba ipigwe chokaa, vyumba vya juu vipangishwe, na kodi igawanywe kwa mafungu. Mmoja wa wana wa mjomba aliniuliza kama mimi siye yule niliyeleta mnunuzi wa kwanza. Nikasema ndiye. Akaniuliza fedha ya chokaa itatoka wapi. Tulibishana mpaka ikaadhiniwa magharibi, na tulipoachana walikuwa saba upande wa kuuza na sita upande wangu, na wawili waliosema watafikiri.

Katikati ya ubishi ule kilibishwa kile kijilango. Dada alikwenda, akarudi na sinia ya mahamri na mbaazi, ya kututosha sote. Jirani alikuwa akizisikia sauti zetu tangu alasiri, na bila ya shaka alijua tulichokuwa tukikizungumza. Tulikula tukiwa kimya, wauzaji na wasiouza.

Sinia iko kwangu Kisauni hivi sasa. Nimekwisha nunua ratili mbili za halua, na kesho baada ya asri nitairudisha.