Usiusahau Mkono Ulio Dhaifu



Mama mmoja alituletea mtoto wake wa miaka saba. Mtoto huyu alikuwa akicheza, akaanguka ghafula. Mdomo ulipinda, mkono na mguu wa kuume vikalegea. Jamaa walisema, "Amelogwa." Wakapoteza siku nyingi kwa mganga wa kienyeji. Kisha mguu ulipata nguvu kidogo, lakini mkono ulibaki umekunjwa kifuani.

Nikamwuliza, "Mama, nani anamlisha?"

Akajibu, "Ni mimi. Namlisha, namwosha, namvika. Namhurumia."

Alikuwa mama mwema. Lakini huruma ile ilikuwa inaumaliza mkono wa mtoto wake.

Sikiliza sababu. Ubongo hulishwa na damu. Mshipa wake ukizibwa au kupasuka, sehemu ya ubongo hufa. Upande wa kushoto wa ubongo huamuru mkono wa kuume, na upande wa kuume huamuru mkono wa kushoto. Hapa kwetu Kongo watoto wengi wana ugonjwa wa damu ambao watu huuita SS. Chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mtoto yule alikuwa nao. Hakuna mchawi katika jambo hili.

Basi, mkono wenyewe haukufa. Ni amri ya ubongo isiyofika. Ubongo wa mtoto waweza kujifunza njia mpya, ukifundishwa kila siku. Lakini mkono mzima ukifanya kazi zote, au mama akizifanya, ule dhaifu husahauliwa, kama shamba lililoachwa kwa majani.

Fanya hivi:

1. Mtoto akiwa ameketi, vika mkono mzima soksi kwa muda ule muuguzi aliokuonyesha. Usiufunge kwa kamba. Akisimama kutembea, iondoe, asije akaanguka bila kujishika.

2. Mpe mkono dhaifu kazi nyepesi: kusukuma mpira wa matambara, kushika gunzi la muhindi. Akiweza, aokote maharagi moja moja na kuyatia katika kikombe. Arudie mara nyingi, kwa mchezo, si kwa fimbo.

3. Kisha ondoa soksi, mikono yote miwili ifanye kazi pamoja: kumenya ndizi, kukunja nguo, kuchuma majani ya sombe.

4. Mwishoni nyosha vidole na kiwiko polepole, bila kumwumiza.

Angalia sana! Usimwinue kwa kuuvuta mkono ule, bega litatoka mahali pake. Usimwache karibu na moto, kwa maana pengine mkono hausikii joto. Mtoto wa SS asiache dawa wala siku zake za hospitali, kwa kuwa kupooza kwaweza kurudi. Mdomo ukipinda, maneno yakipotea, au mkono ukilegea tena, mlete saa ileile, hata usiku. Usipite kwanza kwa mwenye kuchanja chale.

Siku ya kwanza haragi lilianguka, na mtoto akalia. Mama naye akalia, akanyosha mkono wake aliokote. Nikamwambia, "Mama, weka mikono yako nyuma." Akaiweka. Tukangoja. Mtoto akalishika, likaanguka. Akalishika tena, likaingia kikombeni.

Alifanya hivyo nyumbani kila siku kwa miezi mingi. Leo mtoto hunywa uji kwa kushika kikombe kwa mikono miwili. Vifungo vya shati bado vinamshinda. Sikuahidii kwamba kila mkono utapona kabisa, lakini mkono unaofanya kazi hupata faida kuliko ule uliofichwa.

Kumbuka yule mtu mwenye mkono uliopooza katika Marko sura ya 3. Bwana Yesu alimsimamisha mbele ya watu wote, akamwamuru aunyoshe yeye mwenyewe. Alitakiwa kujaribu jambo lililomshinda, huku watu wakimtazama.

Basi mama, leo jioni usimfiche mtoto wako nyuma ya nyumba. Mketishe pamoja na wengine. Weka kipande cha ndizi katika mkono wake dhaifu, omba Mungu akupe saburi, nawe ungoje.