Deni la Usingizi Mwihoko

Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini. Lakini saa kumi na moja alfajiri, kwenye steji za mtaa huu wa Ruiru, sura za wanafunzi wanaongoja matatu ya Githurai zinaonyesha usingizi zaidi ya kitu kingine chochote. Kuna anayekwenda chuo Kahawa au Juja, kuna anayevuka hadi katikati ya Nairobi, na kuna wa sekondari ya kutwa aliyekumbatia begi kama mto. Gari likiondoka, kichwa kimeshaegemea dirisha kabla kondakta hajadai nauli. Nyumbani huyu huitwa mvivu, darasani mzembe, na akiambiwa hivyo mara nyingi huanza kuamini. Mimi naona wengi wao wana deni, na deni lenyewe linahesabika. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilipendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na kwa mtu mzima kilikuwa tayari kimependekeza saa zisizopungua 7. Anayezima taa saa sita usiku na kuamka saa kumi amepata saa 4. Hakuna uji wala maombi yatakayoziba pengo hilo.

Hapo ndipo husikika jibu la kawaida: mimi nimezoea, saa tano au sita zinanitosha. Jibu hili lilipimwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2003, watu wazima wenye afya waliruhusiwa kulala saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeporomoka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku mzima. La kutisha ni kwamba wao walijiona wamechoka kidogo tu. Kwa hiyo aliyezoea kulala kidogo ndiye shahidi mbaya kuliko wote kuhusu hali yake. Naye anayesema mtihani wa KCSE haungoji watu waliolala anasahau kwamba ubongo hupanga na kuimarisha yale ya mchana wakati mtu amelala. Saa mbili za kusoma huku ukurasa mmoja unarudiwa mara nne ni kama kuchota maji kwa pakacha.

Chai nayo ina kesi ya kujibu. Kadiri tunavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana kwenye ubongo na kutuletea usingizi; kafeini hukalia nafasi yake, ikaficha uchovu bila kuuondoa. Kwa kawaida nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe kizito cha saa tatu usiku, au kile kinywaji cha kuongeza nguvu kutoka dukani, bado kinafanya kazi saa nane. Tena si uchovu wote ni wa usingizi: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, ndengu na sukuma wiki, na msichana anayepoteza damu kila mwezi anayahitaji madini hayo kuliko wengi nyumbani. Kusogeza chai mbele kwa saa moja, na kuweka chungwa mahali pake, hakuhitaji bajeti mpya. Akishalala vya kutosha kwa wiki kadhaa na bado miguu inamlemea, basi aende akapimwe damu. Upungufu wa damu hauponywi kwa nidhamu.

Pingamizi zito zaidi ni la nyumba. Chumba ni kimoja, televisheni inawaka hadi wazee walale, mtoto mchanga analia, na baa ya jirani haijui Jumatatu. Kumwambia kijana wa hapo alale saa mbili ni kumdhihaki, hasa kwa kuwa katika ujana melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku, huchelewa kutoka. Ningeanza na kilicho mkononi mwake, yaani saa ya kuamka: iwe ileile hata Jumapili, kisha atoke nje apate mwanga. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Ni saa ya ukutani isiyohitaji betri. Simu ichajiwe mbali na kitanda, maana bando za usiku zinazouzwa kwa bei ya chini hulipiwa tena asubuhi. Na dakika ishirini za kusinzia baada ya chakula cha mchana, chuoni au kwenye dawati, zisionewe haya.

Lakini saa ya kuamka mara nyingi hupangwa na shule, na hapo kijana hana kura. Jijini Seattle, mwaka 2016, sekondari zilisogeza masomo kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo. Waliohofia kwamba vijana wangekesha zaidi walikosea: wanafunzi waliopimwa walilala dakika 34 zaidi kwa usiku. Kenya haihitaji kwenda mbali hivyo, kwani kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 tayari zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, na zinawapa wa bweni saa nane na nusu za kulala, kuanzia saa tatu na nusu usiku. Mzazi wa Mwihoko anayelipia gari la shule linalopiga honi langoni kabla ya jogoo ana haki ya kusimama kwenye mkutano wa wazazi na kuuliza: katika somo la saa kumi na mbili na nusu asubuhi anafundishwa nani, ikiwa vichwa vimelala juu ya madawati?